Neema Amesukwa na Mama Mdogo

Gitega, Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa wetu wa Nyamugari umekaa kimya. Binti yangu Neema amerudi Butihinda. Naandika kwenye simu kwa kifundo cha kidole, herufi moja moja, maana nikiacha nitalia tena.

Nilikuwa msusi. Wanawake wa Muyinga, tulikokaa zamani, walinijua kwa mikono yangu. Kisha pikipiki niliyopanda ikaanguka mteremkoni, uti wa mgongo ukaumia shingoni. Miguu haisikii tena. Mabega yananyanyuka, viwiko vinakunjika.

Vidole havifungi.

Mume wangu ndiye anayenigeuza kitandani, ananiogesha, ananivika. Mtoto tulimpeleka kijijini Butihinda kwa Yudita, mdogo wangu.

Likizo hii Neema alipokuja, nilitaka aone nilichojifunza. Nikikunja mkono kwa nyuma pale kwenye kifundo cha mkono, vidole vinajikunja vyenyewe, na kijiko kinakaa. Juzi nikamlisha uji. Ulimwagika kidogo. Akapiga makofi.

"Mama, umeweza! Sasa nisuke."

Akaleta kitana, akaketi sakafuni mbele ya kiti changu cha magurudumu. Nilijaribu. Kushika kijiko si kushika nywele. Kila fungu liliniponyoka.

"Haiumi, mama. Endelea."

Nilikuwa sijasuka hata msuko mmoja.

Leo Yudita amekuja kumchukua, akamsuka mbele yangu. Nikawa namwelekeza: gawa katikati, usivute karibu na sikio, huyu anaumia upesi. Mikono ilikuwa yake, ila kichwa kile nakijua mimi.

Gari lilipofika, Neema alikwama na kiatu mlangoni.

"Mama!"

Tuligeuka sote wawili. Macho yake yalikuwa kwa Yudita. Siku zote humwita mama mdogo. Leo hilo "mdogo" limemdondoka, na wala hakujua. Yudita akaniangalia.

"Mwitikie," nikamwambia.

"Abee, mwanangu," akasema polepole. Akainama, akamfunga kamba.

Simlaumu mtu. Alihitaji wa kumfunga kiatu, nami siwezi. Lakini moyo haukubali maelezo hayo, hata niyarudie vipi.

Baba Neema ameniuliza kama nataka chai. Nimesema hapana, kisha nikasema ndiyo. Kutakucha tu, nitake nisitake. Hiyo kesho nitaipokea kwa mikono ipi?