Sauti Yako Kwenye Harusi ya Kilangala

Mshamu, rafiki yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaiacha. Nikikaa naona nimekaa vibaya. Nasimama, nafungua dirisha, nachukua gitaa, nalirudisha. Tangu utuache niko hivi, na tangu ile harusi ya Kilangala nimezidi. Acha nikueleze, labda nitatulia.

Baada ya arobaini yako, mama yako aliniita pale kwenu Mitwero akanikabidhi kile kiboksi chako cha efekti, cha kutengenezea sauti ya gitaa, amekifunga kwenye kanga. "Kichukue, Selemani. Hapa kinanitazama tu." Nikakichomeka. Namba moja, uliyoipanga wewe, ikawaka; nikapiga, na sauti yako ikatoka. Gitaa langu, vidole vyangu, lakini sauti yako wewe: kompresa imezibana noti zote zikawa za kimo kimoja, filta imefungwa nusu, ukali wa nyuzi nyembamba umelainika. Nikaapa sitagusa kitufe hata kimoja.

Kwenye bendi nikaacha ridhimu, nikashika solo yako. Wenzetu wakafurahi, wakasema pengo limezibika. Mimi sikuwa na raha. Unaujua mkono wangu ulivyo mzito. Wewe ulizigusa nyuzi kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na kompresa uliipima kwa mkono huo. Mimi nikipiga inanikaba, noti inazimika kabla haijasema kitu. Nawe ulikuwa ukiniambia, "Bana kidogo, Sele, usinyonge." Lakini badala ya kulegeza kitufe, nikalegeza mkono. Miezi yote hiyo nikawa napiga kama wewe, mpaka bega likaanza kuuma.

Harusi ilikuwa ya binamu yako Zuhura, mchana. Sikujua kama mama yako yupo. Alikuwa nyuma ya nyumba na wapishi. Tukaanza na ule wimbo wetu ambao gitaa lako linatangulia peke yake. Mwimbaji hajafungua hata mdomo, nikaona wanawake wanapisha njia. Mama yako, Bi Somoe, anakuja mbio, mwiko mkononi, ushungi umemdondokea begani. Akafika mbele yangu akasimama. Akatazama vidole vyangu, kisha uso.

"Kumbe wewe," alisema. Akageuka.

Mshamu, nilipotea. Wa besi ndiye aliyenibeba mpaka mwisho wa wimbo.

Tulipopumzika nikamfuata. Alikuwa ameketi kando ya masufuria. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akasema, "Nimekimbia mbele za watu, mtu mzima mimi. Kichwa kinajua nimemzika. Miguu haikujua."

Nikamwambia nakwenda kuifuta sauti ile, sasa hivi. Akanidaka mkono, na nguvu zile sijui alizitoa wapi.

"Uifute, nitamsikia wapi tena mwanangu? Iache. Ila usinishtukize nayo mbele za watu. Siku nikitaka kumsikia, nitakuita."

Nikarudi jukwaani, nikahamia namba mbili ya kiboksi, ambayo haikuwa na kitu. Wenzangu wananikodolea macho, mpiga dramu anagongagonga vijiti vyake, mimi nimechuchumaa nazungusha vitufe. Nikailegeza kompresa, nikaichelewesha kushika, ili pigo la kwanza la ukucha lipite zima ndipo ibane. Nikafungua filta, ukali ukatoka wote. Geti la kuzuia kelele nikalikosea: nililikaza ili mngurumo wa jenereta usipite, likakata na mikia ya noti zangu. Nikalilegeza. Jenereta likasikika kidogo. Nikaliacha lisikike.

Tukapiga. Watu walichelewa kuinuka. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Rudisha ile ya mwanzo!" Sikurudisha. Bi Somoe alisimama mlangoni akausikiliza wimbo wote. Hakucheza, hakutabasamu. Ulipoisha akamwambia jambo mpishi mwenzake, akarudi kwenye pilau lake. Baadaye yule mpishi ndiye aliyenisimulia alichosema: "Mkono huu siujui. Mpelekeeni sahani yenye nyama."

Nilikula, Mshamu. Nilikuwa na njaa ambayo sikuijua.

Nilidhani baada ya hapo nitapoa. Wapi! Kila tunapokwenda nabadilisha. Juzi kule Rondo nilidhani nimeipata sauti yangu, watu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye spika. Tukashuka Lindi, mipangilio ile ile, ikasikika kama bati. Nikaanza upya. Wenzetu wamechoka nami, na wewe ungekuwa unanicheka.

Na mama hajaniita. Simu yake ikiingia nadhani ndiyo siku yenyewe. Kumbe anataka nimbebee unga kutoka mashineni, au kitasa cha mlango kimelegea. Naenda. Tunakunywa chai, anasema habari za majirani, ananisindikiza mpaka barabarani. Namsubiri aseme. Hasemi. Natamani kumuuliza, naogopa.

Basi kwaheri, ndugu yangu, Mungu akuweke pema huko uliko. Ninachokuahidi ni hiki: harusini nitapiga kwa mkono wangu, hata wakizomea. Na siku mama yako akiniita, nikiwa popote, nitakwenda, nitakaa kibarazani kwake, nitampigia kwa sauti yako, taratibu, mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha.

Wako,
Selemani