Sikuupigia Makofi Mchele Wao

Baba,

Mkono wangu wa kulia umebaki na kidole gumba na jirani yake. Vingine vimekwenda na mkanda wa karasha la kusagia mawe, lile lile la Saza ulilolilisha mawe ya dhahabu mpaka vumbi lake likakumaliza kifua. Nakuandikia kwa kushoto, kwa hiyo vumilia mwandiko. Wewe uliyenifinya masikio nikiandika ovyo, leo utasoma hivyo hivyo.

Unajua ilivyokuwa, maana kwako ilikuwa vile vile. Mkanda uliteleza, msimamizi akafoka kwamba kazi imesimama, nikachukua kipande cha nta nikaupaka ili ushike, huku unazunguka. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuzima mashine kwanza. Kava la mkanda liliegemezwa ukutani tangu enzi zako, na kuku walikuwa wanatagia humo.

Hospitali muuguzi akaniuliza nimefanywa nini. Baba, nikakusikia kabisa: "Sema panga, mama. Sema ulikuwa unapasua kuni." Ndivyo ulivyosema wewe kumfichia bosi, na wote waliokatwa pale baada yako. Mgeni angedhani watu wa Saza hatujui kupasua kuni. Nikamwambia muuguzi: karasha. Akaandika karasha.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, msimamizi akaja na gunia la mchele kutoka kwa bosi. Nililikumbuka lako. Ulipiga magoti ukawapigia makofi ya shukrani, kama kwetu Msangano, kiganja kizima na kiganja nusu, na hayakulia. Ukarudia. Msimamizi akasema yametosha, akaondoka, na habari ya mkono wako ikaishia hapo. Toka siku hiyo ukaacha kwenda ukweni, ambako mkwe husalimu kwa makofi, kwa aibu ya makofi yasiyolia. Mkono wako ukahamia mfukoni.

Gunia langu lilipowekwa katikati ya sebule, wote wakanitazama. Kwetu ukishapiga makofi umepokea, na bosi anajua kwamba aliyepokea huona haya kudai. Mimi sikupiga. Baba Mdogo akadhani bandeji ndiyo inanizuia, akainua mikono yake anipigie yeye. Nikamshika kwa mkono wa kushoto.

"Usinipigie, Baba Mdogo. Warudi na mchele wao."

Alinikasirikia mno. Akasema bosi ametulisha miaka yote, leo namdhalilisha mbele ya watu. Kweli katulisha, na sisi tumelilisha karasha lake vidole. Hilo sikumwambia, nilimwekea chai.

Kisha nikaenda Vwawa, ofisi ya kazi. Afisa akanieleza kwamba aliyeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia, wala si hisani ya mtu. Nilimwomba arudie, nikijua na wewe ungependa kusikia. Bosi alipoitwa akasema hanijui, mimi ni mpita njia tu. Basi Atupele, niliyekuwa nikilisha naye mawe, akasimama mbele yake akasema, "Mimi namjua. Na damu yake niliifuta mimi." Wamemfukuza kazi kwa maneno hayo. Sasa tunakwenda Vwawa wawili.

Shauri bado halijaisha. Lakini kava limerudishwa kwenye mkanda, na kuku wametafutiwa pengine.

Nimekukasirikia, Baba. Nakwambia wazi. Ungesema karasha siku ile, pengine kava lingerudi mapema, na mimi leo ningekuwa na vidole vyangu. Halafu nakumbuka kwamba ndani hatukuwa na kitu. Ule mchele tuliula, na mimi nililia niongezwe, ukanipa wa kwako. Hapo hasira inanishinda kuibeba.

Jumapili nakuja Msangano. Nitapiga magoti kaburini kwako nikupigie makofi, maana hayo ni yako, sikukunyima. Hayatalia vizuri. Nitarudia mpaka uyasikie. Halafu Jumatatu nitapanda gari kwenda Vwawa, na mkono wangu, nakuahidi, hautaingia mfukoni.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Neema