Ndoo ya Viroboto wa Maji kutoka Kigwa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Ulitulea vingine.

Nimekaa barazani nyuma, kwenye kigoda chako, mbele ya matangi. Mama amekwenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani, nyumba imetulia, na pampu ya hewa inanguruma kama kawaida yake. Samaki wako wapo. Nimetanguliza hilo makusudi, maana hata nilipokuwa nikikupigia simu kutoka Nzega, wewe ndiye uliyekuwa ukinipa habari za samaki kwanza, kisha ndipo ukumbuke kuniuliza kama nimekula.

Baada ya mazishi wageni waliondoka mmoja mmoja, kama kawaida ya msiba. Mimi nilibaki. Cherehani nilimwachia mwenzangu kule Nzega, nikamwambia Mama nitakaa mpaka atakaponifukuza. Hajanifukuza.

Asubuhi moja nikamkuta jikoni anapika uji wa ulezi, mzito kupita kiasi. Nikadhani ni wetu. Akauacha upoe, akautandaza ndani ya lile kopo lako la plastiki, akanyunyiza hamira kidogo juu, kisha akachota kijiko kutoka kopo la zamani akapandikiza. Baba, Mama alikuwa anafuga minyoo ya uji. Mama yule yule aliyewahi kulifungua kopo lako akidhani ni togwa, akaona kuta zake zinametameta kwa vijinyoo vyembamba kuliko uzi, akakaa siku nzima bila kugusa chakula. Unakumbuka maneno yake: "Nyumba hii watu wanakula dagaa, samaki wanapikiwa uji." Wewe ulicheka mpaka ukakohoa.

Nilipomtazama, akasema hafanyi hivyo kwa ajili ya minyoo. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa kopo, kama alivyokuona ukifanya miaka yote, akakisuuza tangini, na samaki wakaja.

Sasa sikiliza hili. Wale malaika wako wawili, wale bapa wenye mapezi marefu, waliokuwa kila wakitaga wanayala mayai yao wenyewe, walitaga tena. Mama ndiye aliyeyaona, yamejipanga juu ya kile kigae ulichokiegemeza kwenye kioo. Tukasubiri wayale kama siku zote. Hawakuyala. Walikaa pale, mmoja baada ya mwingine, wanayapepea kwa mapezi. Siku vitoto vilipoanza kuogelea, wingu dogo la vijicho, Mama alivuta kiti akakaa mbele ya tangi na kanga yake mdomoni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia.

Tulivilisha minyoo ya uji, vikakua. Vikafikia ukubwa wa kutaka chakula kikubwa zaidi, na mimi nilijua ni zamu ya pipa. Nilikuwa nimeliangalia kila siku pipa lako la maji ya kijani pale uani, jinsi viroboto wa maji walivyojaa ndani, wanarukaruka kama chembe za chumvi zilizotiwa uhai. Nilikuwa nawapa hamira iliyokorogwa, kidogo tu, mpaka maji yafanye ukungu mwembamba, ulivyonionyesha nikiwa msichana.

Halafu Elia akaja kututazama. Usimkasirikie, Baba. Alikuja na mchele na mafuta, akapanda juu ya paa kurekebisha bati linalovuja, akashuka akitafuta kazi nyingine, maana unamjua mwanao, akikaa bure ndipo anapokukumbuka. Akaona maji ya pipa yamepungua kwa jua. Akaunganisha mpira kwenye bomba, akalijaza mpaka juu. Yeye hakuwahi kukaa nawe pale uani. Hakujua kwamba maji ya bomba yana dawa, na kwamba ulikuwa unayaanika kwenye beseni kwanza ndipo uyatie. Kufika alasiri, pipa lilikuwa kimya. Nilichota kwa kikombe cheupe, nikatazama. Walikuwa wamezama chini wote, kama vumbi la unga.

Elia alisimama pale akafuta mikono yake kwenye suruali, akaendelea kuifuta hata ilipokauka.

Tulijaribu. Nilikwenda na kile kichujio chako cha kipande cha chandarua mpaka kwenye lambo, lakini ni kiangazi, limebaki tope na nyayo za ng'ombe. Nilirudi na viluwiluwi vya mbu, vikubwa kuliko midomo ya vile vitoto. Tukajaribu chakula kikavu cha dukani. Kilizama, kikaoza, maji yakachafuka. Vitoto vikaanza kufa. Matumbo yao yaliingia ndani, vikawa kama vijipande vya karatasi. Kila asubuhi Mama alivitoa vilivyokufa kabla sijaamka, nisivione. Nilikuwa naviona.

Ndipo siku moja, tukiwa tunachambua mboga, akasema bila kuniangalia, "Seif anao."

Baba, jina hilo halikutajwa ndani ya nyumba hii kwa miaka. Ami Seif. Nilikua nikidhani ni ndugu yetu wa damu, licha ya ngozi yake na kofia yake, maana kila jioni alikuwa hapa. Mama aliniambia mlivyokutana: ulitoka kazini stesheni ukaingia dukani kwao kununua kioo, akakuuliza dirisha la ukubwa gani, ukamwambia si dirisha, ni nyumba ya samaki. Akafunga duka akaja kuiona. Tangu hapo yeye akikata vioo, wewe ukibandika. Mbegu ya viroboto mliipata pamoja, kwenye dimbwi la mvua huko porini, mkagawana nusu kwa nusu.

Na ninakumbuka mwisho wake pia. Mkewe alipougua akataka kurudi kwao Kigwa, na Ami Seif akauza duka, akagawa matangi yake, akaondoka. Hakukuambia mpaka mizigo ilipokuwa garini. Labda aliogopa kukuambia. Wewe ulisema, "Aliyekwenda amekwenda," ukaingia ndani. Alituma salamu, hukuzirudisha. Kisha salamu zenyewe zikakoma.

Nikamuuliza Mama kama Ami Seif alikuja kukuzika, maana mimi siku zile sikuwa naona watu. Akaacha kuchambua mboga. Akasema hakuja, kwa sababu hakuna aliyempelekea habari. Kila mtu alidhani mwingine amempigia, na namba yake hakuna aliyekuwa nayo.

Kwa hiyo nilikwenda Kigwa kuomba viroboto, na kupeleka msiba.

Niliondoka asubuhi na ndoo yenye mfuniko. Njiani nilijipangia maneno ya kusema, nikayapanga upya, nikayasahau yote niliposhuka. Kijijini nilielekezwa mara moja. Mwarabu mwenye miwani wanamjua wote. Nilimkuta uani kwake amekaa kwenye mkeka anabangua karanga, amekonda, ndevu zote nyeupe. Hakuhitaji kuuliza mimi ni nani. Alisema, "Kabula. Unatembea kama baba yako." Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akasimama kwa kujishika ukuta.

Kisha akaiona ndoo mkononi mwangu.

Baba, sijui nikueleze vipi uso wake. Uliwaka. Aliangalia ndoo, akaniangalia mimi, akasema polepole, kama mtu anayeogopa kukiangusha kitu, "Amekutuma?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga, hata moja halikutoka. Yeye akaendelea, akisema alijua tu, alijua mzee yule ni mkaidi lakini siku moja pipa lake litaharibika, na atatuma mtu hata kama hataki kuja mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kwenda nyuma ya nyumba, ananiita nimfuate, anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari.

Nilimfuata. Pale nyuma, chini ya paa la makuti, palikuwa na nusu pipa limefunikwa chandarua. Akakifunua. Viroboto walikuwa wamejaa, wekundu kidogo, wazima. Nikatazama huku na huku, sikuona tangi, sikuona samaki hata mmoja. Nikamuuliza anawafugia nini.

"Mimi sina samaki tangu nimefika hapa," akasema. "Hawa ni wa baba yako. Ukiwa na mbegu peke yako, siku ikifa imekufa. Ikiwa kwa mwenzio, haijafa. Nilikuwa namshikia."

Ndipo nikamwambia. Nilisema, "Ami, Baba ametutoka."

Alishika ukingo wa pipa. Akasema innalillahi, sauti ikamwishia katikati, akaimalizia kwa midomo tu. Akauliza lini, nikamwambia. Akauliza kama uliumia sana, nikamwambia ukweli: mwishoni hapana, ulilala. Akauliza nani alikuosha. Nikamwambia. Tulisimama pale wawili tunatazama viroboto wanavyopanda na kushuka majini.

Baadaye akachota. Alinifundisha nisijaze ndoo, niache nafasi ya hewa, nisiiweke juani. Nilikuwa nayajua yote hayo kutoka kwako, ila niliyasikiliza tena, maana yalitoka kwa sauti nyingine lakini maneno yalikuwa yako. Nilipotaka kuichukua ndoo hakuniachia. Akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu safi, akamwachia jirani karanga zake, akasema twende.

Kwenye gari alikaa na ndoo mapajani, ameifunika kwa kanga yangu. Kondakta akauliza mzee amebeba nini. Ami Seif akajibu, "Viroboto." Abiria wa pembeni akasogea, na kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka nilicheka hadharani.

Tulipitia makaburini kwanza. Nilibaki nyuma nimeshika ndoo. Alisimama kwenye msalaba wako, akafungua viganja, akakuombea dua kwa namna ya kwao. Kisha akachuchumaa, akazungumza nawe. Sikusogea kusikia. Yalikuwa yenu.

Nyumbani Mama alimpokea mlangoni. "Mwangaluka, mama Elia," akamwamkia kwa Kinyamwezi kama zamani, salamu ya asubuhi ingawa jua lilishapinduka, na Mama akaitikia, akamshika mikono yote miwili. Tulikula. Baada ya kula Mama akamwambia jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Alisema kwamba tangu Seif ahamie Kigwa, kila siku ya treni kutoka upande ule, ulikuwa unavaa viatu unakwenda stesheni. Ulikuwa unasema unakwenda kunyoosha miguu, kuwaamkia wenzako wa kazi. Unasimama mpaka watu washuke wote, kisha unarudi. Hukuwahi kusema unamtazamia nani, naye Mama hakuwahi kukuuliza.

Ami Seif alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akakaa nayo mkononi bila kuivaa. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa nangoja anitumie mtu. Yeye alikuwa ananingoja nije." Akatikisa kichwa. Akaomba kichujio, akaenda kwenye tangi, akawapa vile vitoto viroboto, na vikawashambulia. Ungeona, Baba. Vilivyokuwa vimejikunja pembeni vilitoka vyote.

Vingine vilikufa hata baada ya hapo, sitakuficha. Lakini vingi vimebaki, na sasa vina mapezi yao marefu na mistari yao myeusi, malaika kamili. Pipa lako limejaa tena. Elia alipokuja mara ya pili, alianika maji kwenye beseni bila kuambiwa, akakaa pembeni yake akiyalinda utadhani ni maziwa yanachemka. Mama ameanza kulala mpaka kunakucha. Bado akinisikia nikisema "minyoo" wakati wa chakula hunikata jicho.

Na Ami Seif huja. Siku ya kuja kwake nakwenda kumpokea. Yeye na Mama wanabishana kiasi cha hamira, wewe ndiye shahidi wao, kila mmoja anasema ulimfundisha vingine. Nadhani uliwafundisha vingine kweli.

Nikirudi Nzega nitakwenda na chupa ya mbegu. Elia atachukua nyingine. Mwalimu mmoja wa jirani ameomba ya shuleni, nitampa.

Nakuaga sasa, nasikia Mama anafungua geti. Lala salama, baba yangu. Ami Seif amezeeka, ameshikwa na kikohozi cha kiangazi ambacho sikipendi. Nakuahidi hili: siku akikosa kuja, sitangoja salamu, wala sitasimama stesheni kutazama watu wakishuka. Nitapanda gari niende.

Ni mimi mwanao,
Kabula