Fulana Niliyompelekea Gatakaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, mimi ndiye bingwa wa gemu ya mpira ya kwenye runinga hapa Mitunguu, shule niliachia kidato cha pili lakini vidole vyangu vina digrii, hata mwalimu Njeru nilimfunga saba bila akasingizia stima kupotea. Mwenzangu ni Kaimenyi, tulitahiriwa siku moja tukauguzwa nyumba moja, tukicheza upande mmoja hakuna wa kutuweza. Sasa ile kampuni ya gemu imenunuliwa na serikali moja ya Uarabuni, watu wakapiga kelele mtandaoni eti inajisafishia jina, mimi nikasema wanunue tu, bora mpira udunde. Wakadhamini mashindano Meru mjini, Kaimenyi akakataa kuja, akasema anamwagilia migomba, nikamwita mwoga, nikashinda peke yangu nikapewa fulana yenye bendera yao. Na vile mimi ni mkarimu nikaitia mfukoni nikampelekea dada yake Kaimenyi, Gatakaa, aliyefanya kazi za nyumbani nchi hiyohiyo akarudi na mkono uliopinda, ambao kwao hauzungumziwi, nikidhani atafurahia ukumbusho. Aliiona bendera, akaficha mkono chini ya leso, akaingia ndani. Kaimenyi akaniambia, "Wewe cheza na wenye gemu." Kesho yake mama yao akanirudishia mfuko wangu, fulana ndani, bila hata ndizi moja, na huku kwetu mfuko wa mgeni haurudi bila kitu cha mwenyeji ndani. Wiki ya tatu sasa nacheza na mashine, nikifunga bao nageuka kumgonga mtu bega, kiti ni kitupu. Niache gemu ndio anirudie, ama nimwambie serikali si mimi?

Bingwa (bado), Mitunguu

Bingwa, kweli serikali si wewe, na hiyo kampuni haitajua ukiacha. Lakini mkono ule umeuona tangu arudi na hukuuliza kitu. Watu walipopiga kelele, wewe ulisikia mpira tu. Kaimenyi alisingizia migomba ili asikuaibishe, nawe ukamwita mwoga. Kiti kitupu kinauma, nakuhurumia, ila aliyekikalia ulimwondoa mwenyewe.

Kuacha gemu ili urudiwe ni kununua mtu, na wanunuzi wametosha. Fulana ichome. Nenda mchana, mama yao akiwepo, na mfuko uleule, ndizi za kwenu ndani. Muombe Gatakaa msamaha kwanza, kabla ya Kaimenyi, na usitaje mabao yako. Akitaka kusimulia, keti usikilize hadi mwisho. Asipotaka, rudi nyumbani.

Mfuko uache hapo, usiudai. Siku utakaporudishiwa ukiwa na kitu ndani, hata ndizi moja, ndipo utafute padi ya pili ya kuchezea.