Simu Iliyochukuliwa Msibani Vidunda

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lupakisyo Mwaipaja
Umri: Miaka 58
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Mkuu wa Udhibiti wa Ndani wa Fedha, Wakala wa Visima vya Bonde, ofisi ya Mikumi
Makazi: Mikumi, wilaya ya Kilosa
Mahali na tarehe: Kituo cha Polisi Mikumi, 17/07/2024, saa nne na nusu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikitoa maelezo ya uongo nitashtakiwa. Nimekuja kwa ajili ya Hildegarda Mbena, mwidhinishaji wa malipo katika ofisi yetu, aliyekamatwa jana kwa tuhuma ya kuidhinisha malipo hewa ya shilingi milioni kumi na nane. Hakuyaidhinisha yeye, na mimi najua nani aliyaidhinisha.

Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba ofisini hakuna mtu anayeweza kutoa fedha ya serikali peke yake. Anayeandaa malipo haruhusiwi kuyaidhinisha. Wengi hudhani kazi hii ni ya kushuku watu, lakini mimi kwa miaka yote nimeiona kuwa ni ya kuwapanga watu, nani akae na nani. Hilo nilifundishwa Kilosa. Afande anayeandika ameniomba nifupishe habari za Kilosa. Nitajitahidi, ila bila ya Kilosa haya ya Vidunda hayataeleweka.

Nilianza kazi Kilosa mwaka 1991. Ofisi yetu ilikuwa jirani na stesheni, na treni ya mizigo ikipita vikombe vya chai vilihama mezani. Fedha ilikaa kwenye sefu la chuma lenye kufuli mbili, na kila kufuli na mtu wake. Mkuu wetu, marehemu Mzee Alfred, alipochagua watu wa kushika funguo hakuangalia vyeti. Alichagua watani. Ufunguo mmoja alimpa Bi. Angela, mwingine akampa Bwana Cornel, ambao koo zao zinataniana tangu enzi za babu zao. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Rungwe, nikamuuliza sababu. Akasema, "Kijana wangu, hawa wawili nikiwaweka pamoja mimi nalala usingizi. Angela hawezi kumfichia Cornel kitu hata umlipe."

Ilikuwa kweli. Siku moja Cornel alimnong'oneza Angela wafungue sefu achukue ada ya mtoto, arudishe mshahara ukitoka. Angela hakwenda kushtaki kwa mkuu. Alitoka barazani, akajifunga kanga kichwani na kuangua kilio cha msiba: "Cornel katutoka jamani, jela imemla angali kijana." Ofisi nzima ikatoka nje, na wateja pia, na mmoja wao akaanza kuchangisha rambirambi. Cornel alicheka mpaka akakaa chini, na ada aliitafuta kwingine. Hakuandikiwa barua wala hakuitwa kwenye kikao. Nazipenda sana siku zile na sioni haya kusema hivyo mbele ya polisi. Tulicheka na hesabu zilikaa sawa, na tangu hapo sijaona ofisi yenye vyote viwili.

Maji ya mto Mkondoa yalipoingia ofisini tulihamishiwa Mikumi. Mzee Alfred alistaafu, kisha akafariki. Siku hizi sefu hakuna, fedha iko kwenye mfumo. Mwandaaji huingiza malipo, hata kwa simu yake, mfumo hutuma tarakimu kwenye simu ya mwidhinishaji, na tarakimu hizo zikirudishwa kutoka simu hiyohiyo, fedha imekwenda. Nilipopewa kitengo nilifuata njia ya Mzee Alfred. Nilimweka Yeremia Chambo kuandaa na Hildegarda kuidhinisha, kwa sababu wote ni wa Vidunda na koo zao ni watani. Mpangilio huo haumo katika mwongozo wowote wa serikali. Niliufanya mimi, na kwa miaka sita Yeremia akiingiza risiti yenye mashaka, Hildegarda alikuwa akimsomea risiti hiyo mbele ya wote kwa sauti ya katekista.

Mnamo tarehe 11/07/2024, siku ya Alhamisi, tulikwenda Vidunda kumzika mama mzazi wa Hildegarda, Bi. Costancia. Tuliondoka Mikumi asubuhi kwa gari la ofisi, tukapita Kidodi na kupanda mlima. Tulifika saa tano. Nilimsalimia mjomba wa Hildegarda, Mzee Kasian, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, nikapewa kiti. Hildegarda alikuwa amelia hadi sauti imekauka.

Majira ya saa nane mchana jeneza lilifikishwa kaburini. Yeremia, akiwa mtani, alivua viatu, akaruka ndani ya kaburi na kulala chali. Akasema, "Mama huyu alikula jogoo wangu mwaka juzi. Hazikwi mtu leo mpaka jogoo wangu aje." Watu walicheka. Hildegarda naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba utokee, na machozi bado yanamtoka. Kwa wasioijua mila hii, mtani huruhusiwa kufanya hivyo msibani, pia huruhusiwa kuchukua kitu cha wafiwa mpaka wakikomboe. Kumkasirikia ni aibu kubwa. Mimi kwetu sikukulia katika utani wa namna hii, na kila nikiuona huwa natamani ningekulia huku.

Yeremia alipolipwa jogoo wake alipanda juu. Hildegarda alikuwa anaongea kwa simu na ndugu aliyeko Munisagara. Yeremia akamnyang'anya simu ikiwa imewaka, haijajifunga, akasema, "Msimpigie marehemu, mtamwamsha." Akaitia mfukoni. Hildegarda akasema tu, "Utaniua mtani wangu," akarudi kwa wanawake. Wakati katekista anaongoza sala nilimwona Yeremia amesimama pembeni kwenye migomba, ana simu mbili, moja kila mkono, na vidole vinakwenda. Ya kulia ilikuwa yake. Ya kushoto ilikuwa ya Hildegarda, ina kava jekundu. Nilimwambia, "Usimmalizie salio mfiwa." Akajibu, "Shikamoo mkuu, nasalimia mbinguni." Nikacheka, nikarudi kwenye sala. Baada ya maziko nilimpa shilingi elfu tano, nikaikomboa simu na kumrudishia mwenyewe. Nilijiona nimefanya jambo jema.

Jumatatu tarehe 15/07/2024 nilipitia malipo ya wiki iliyotangulia, kama nifanyavyo kila Jumatatu. Nilikuta malipo ya mabomba, shilingi milioni kumi na nane, kwa duka la Morogoro ambalo hatujawahi kununua kwao hata msumari. Yaliandaliwa na Yeremia Alhamisi saa tisa kasorobo, yakaidhinishwa kwa simu ya Hildegarda saa tisa na dakika mbili. Saa hizo ndizo za ile sala.

Nilimwita Hildegarda. Alisoma, akasema, "Mkuu, sijaidhinisha." Nikamuuliza simu ilikuwa wapi, akasema hilo nisimuulize. Yeremia alipoitwa na wakubwa zangu alisema Hildegarda ndiye aliyemwelekeza palepale msibani kwamba malipo ni ya haraka. Hildegarda hakumpinga. Jana akakamatwa.

Jana hiyohiyo jioni nilimpigia simu Mzee Kasian nikamweleza mpwa wake yuko mahabusu. Alihuzunika, lakini alisema, "Baba, sisi mtani hatumpeleki polisi kwa jambo la msibani. Tukianza hivyo, siku nyingine nani atakuja kutuchekesha tukizika?" Leo asubuhi nimemletea Hildegarda uji hapa kituoni, nikamwomba aseme mwenyewe. Akaniambia, "Mkuu, nikitaja utani, watu wa kwetu hawatakumbuka mama alizikwaje. Watakumbuka kesi. Niache." Ana watoto wawili, na mdogo yuko darasa la tatu. Nimemwambia simwachi, naye amenigeuzia mgongo.

Nimeulizwa kama Yeremia alichukua simu kwa utani au kwa nia ya kuiba. Yaliyomo moyoni mwake siyajui. Pengine lilianza kama utani kweli, akaliona lile kava jekundu mkononi na tamaa ikamwingia. Nimemfundisha kazi mimi, nimekula kwake Pasaka, na bado inaniuma kumtaja. Nilichokiona ni simu mbili mikononi mwake saa ambayo fedha ilitoka, na nilikiona kwa macho yangu, nikiwa nacheka. Nimeulizwa pia kama natambua kwamba nitaulizwa na mwajiri kwa nini niliwaweka watani kwenye malipo. Natambua. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu.

Jambo la mwisho si la ushahidi, lakini naomba liandikwe. Siku ile tukishuka mlima kutoka Vidunda, Yeremia alikaa karibu yangu kwenye gari. Alisema, "Mkuu, wewe huku huna mtani, nimekuona unavyoangalia kaburini. Kuanzia leo nimekuchukua. Siku yako mimi ndiye nitakayelala mle ndani, na hawatakuzika mpaka wanilipe ng'ombe." Nilifurahi kupita kiasi. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu, tukacheka tena. Mke wangu leo ameniuliza kama nimeshafikiri nani atakuja siku hiyo, nikamwambia nimeshafikiri.

Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua. Nimeyatoa bila kutishwa wala kuahidiwa kitu, nimesomewa nikayaelewa, nami nayatia saini.

Saini ya shahidi: L. Mwaipaja

Maelezo ya mwandishi: Mimi Koplo Doris nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea. Nilimuuliza kama angependa kufuta sehemu isiyohusu kesi. Akasema yaachwe yote. Maelezo yamefungwa saa sita na robo mchana. Shahidi ameomba kumpelekea Hildegarda Mbena chakula cha mchana. Nimemruhusu, na Hildegarda Mbena amekataa kukipokea.