Njano Ilikuwamo Ndani ya Jani

Durban, Jumamosi, 16 Mei

Papa mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata yale Mama aliyotaka niyaache. Kwanza, kifua chako kinaendeleaje? Mvua za Bukavu zimepungua? Sisi tuko wazima, ila mimi nina hasira.

Huku majani yameanza kupukutika. Mwalimu wa sayansi alitaka tuonyeshe kwa nini hugeuka rangi, na kazi bora iende kwenye maonyesho ya shule zote. Nilichuma jani bichi, kijani kabisa, nje ya saluni ya Mama hapa Umbilo. Nikalitwanga, nikalimiminia asetoni ya kufutia rangi ya kucha, nikachovya ncha ya karatasi nyeupe. Papa, kijani kilipanda, na juu yake ikatokea njano! Kumbe njano imo tangu mwanzo, ile rangi ya kijani, klorofili, ndiyo inayoifunika. Siku zikifupika na baridi ikaingia, mti huacha kutengeneza klorofili, iliyobaki huvunjika, na njano huonekana.

Mwalimu alinusa karatasi yangu.

"Inanuka saluni. Umepaka rangi ya kucha."

"Hapana, Mwalimu, hii ni dawa ya kuifuta."

"Na mama yako anatengeneza kucha, siyo?"

Darasa zima likacheka. "Eish, daktari wa kucha!"

Mwalimu akalikata jina langu kwenye orodha ya maonyesho. Hata jani hakutaka kuliona! Amemchagua msichana aliyeandika kwamba baridi huyaunguza majani yakawa ya njano.

Mama anasema, "Nyamaza, binti yangu. Tuko wageni hapa." Wageni wa nini, Papa? Hata jani linaomba kibali cha ukimbizi? Majina yatapelekwa Ijumaa. Nikipewa dakika chache, jani na chupa yangu, naweza kurudia yote mbele ya macho ya Mwalimu. Naamini akiona atakubali.

Kaka wa duka la simu ataipiga picha barua hii akutumie leo. Nisalimie Bibi aliyenilea, na Shangazi anayeuza samaki sokoni, na mdogo wangu Baraka, asitoroke shule.

Sasa nijibu upesi, kabla ya Ijumaa. Wewe umefundisha tangu sijazaliwa: mwanafunzi akijua umekosea, ungependa akuonyeshe mbele ya darasa lililomcheka, au akufuate ofisini, mkiwa wawili tu?

Binti yako,
Furaha