Bujiku Abaki na Jogoo Wake

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na kwa kuwa ulikuwa husikii habari yoyote mpaka salamu ziishe, nizimalize kwanza. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, ila akishaota jua anaingia shambani na hakuna wa kumzuia. Yule ng'ombe wako wa plau, uliyemwita Meneja kwa sababu alipenda kusimama akawaangalia wenzake wakifanya kazi, amezeeka na sasa ana ruhusa ya kusimama. Mvua imekuja kwa wakati, mpunga umekubali. Wajukuu zako wanakula ugali kana kwamba kesho haupikwi. Haya, sasa nadhani umekaa vizuri, naweza kusema kilichonileta.

Nimekuja na habari za Bujiku. Usiniambie umemsahau, maana wewe ndiye uliyenisomesha kitabu chake mpaka kikaachia gundi. Nilikipata shuleni pale Kharumwa nikiwa darasa la tano, zawadi ya kushika nafasi ya kwanza, na wewe ukakizungusha kwa majirani wote ingawa hukujua kusoma hata jina lililo juu ya jalada. Kilikuwa kinamhusu mkulima wa huku kwetu bara, Bujiku, aliyesafiri kwenda mji mkubwa wa pwani kumtembelea binamu yake. Mwandishi alitaka watoto wacheke ushamba wa mtu huyo. Kila ukurasa Bujiku anafanya kioja, watu wa mjini wanashika mbavu, na mwishoni kabisa kuna mstari wa herufi nene: "Basi watoto, msiwe kama Bujiku." Sasa wachapaji wanataka kukitoa upya, wameona kina maneno yaliyopitwa na wakati, na wametuma fomu mashuleni kuuliza walimu. Mimi mwanao ndiye ninayetakiwa kusema kama Bujiku abaki au aondoke.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokusomea. Ulikuwa umekaa uani unatengeneza nira, mama yuko jikoni, nami nimesimama mbele yako kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nikasoma kwamba Bujiku, katambuga za tairi miguuni na jogoo kwapani, aliingia nyumbani kwa binamu yake, akasalimia kila mtu kwa zamu, akakuta kichanga kimelala, akaketi kusubiri kiamke nacho akisalimie. Mimi nilicheka, picha yenyewe ilichekesha. Wewe hukucheka.

"Sasa alitaka aondoke bila kumsalimia huyo mdogo?" ukauliza. "Endelea."

Nikaendelea. Bujiku akafungua mfuko wake na kutoa zawadi ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani kama tunavyofanya sisi. Mke wa binamu yake hakuwahi kuviona, akadhani ni vibanzi vya kuni, akawashia jiko. Hapo ulisimama, nira ikaanguka.

"Amechoma chakula?"

"Ndiyo, baba."

"Chote?"

"Kitabu kinasema chote."

"Na hapo wanamcheka nani?"

"Wanamcheka Bujiku."

Ukamwita mama aje upesi asikie habari za mwanamke aliyechoma michembe ya mgeni. Mama akaja na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema huyo mwanamke hana mama mkwe. Mkakaa mnamjadili kama jirani wa nyumba ya tatu. Mlipochoka naye nikasoma jinsi Bujiku alivyoona bomba la mtaani limeachwa wazi linamwaga maji, akalikinga ndoo, akapiga kelele mtaa mzima watu walete vyombo. Mjini wakacheka tena. Wewe ukatikisa kichwa ukasema, "Huyo ana akili, wangempa ujumbe wa mtaa."

Kisha nikafika kwenye mstari wa mwisho. "Basi watoto, msiwe kama Bujiku." Ukaninyooshea kidole.

"Rudi nyuma, mayu. Umeruka mstari."

Mayu, mama yangu, ndivyo ulivyoniita siku zote kwa Kisukuma chetu. Nikakwambia sijaruka, ndivyo kilivyoandikwa. Ukasema haiwezekani. Mtu amesalimia, ameleta zawadi, ameokoa maji ya watu, halafu watoto wasiwe kama yeye? Hapo pana kitu sijakiona, nisome vizuri. Baba, nilikuwa na njaa, na nilijua ugali hautaliwa mpaka uridhike. Nikautazama ukurasa, nikasema kwa macho makavu kabisa: "Basi watoto, mkifika kwa watu, salimieni kama Bujiku."

"Umeona?" ukasema. "Ilikuwepo."

Tangu siku hiyo kitabu kikawa na mwisho wangu. Ulikuwa unaniomba nikisome wageni wakija, na ikifika hapo mwisho unawatazama mmoja mmoja kana kwamba umekiandika wewe. Sikuwahi kukwambia. Najua ungecheka mpaka ukohoe, halafu ungetaka kuniadhibu kwa uongo, halafu ungesahau.

Kuna jingine ambalo sikukwambia, na hili si la kucheka. Unalijua, lakini hatukulisema.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni Shinyanga mjini, nikakuta wasichana wote wamesoma kitabu kile kile, wenyewe wakiwa na mwisho uliochapwa. Mtu akitoka kijijini, akiongea na lafudhi ya nyumbani, jina lake ni Bujiku. Mimi nilikuwa Bujiku wa bweni la pili. Nikajifunza kuongea taratibu ili Kisukuma kisichungulie. Nikaacha kusalimia watu ninaopishana nao. Nikatupa zile katambuga ulizonikatia mwenyewe kwenye tairi, nikaazima kandambili. Kwa ufupi nilitii ule mstari wa herufi nene.

Basi Jumamosi moja ukaja. Hukuwa umetuma habari kwamba unakuja. Umevaa koti lako la harusi na katambuga zako, jogoo mweupe kwapani, mfuko wa michembe begani, umetoka Kharumwa tangu alfajiri kwa mabasi mawili. Ulianza na mlinzi wa geti. Ukamuuliza habari za kwao, za watoto, za mifugo, mpaka akakuletea kiti. Ukahamia kwa wapishi, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza na wenzangu, naona yote, na ndani yangu kurasa za kitabu zinafunguka moja baada ya nyingine. Rafiki yangu akauliza, "Nani yule?"

Nikasema, "Ni mtu wa kijijini kwetu. Kaagizwa."

Ulikuwa umeshatukaribia. Sikujua kama umesikia, mpaka uliponikabidhi ule mfuko. Ukasema, "Haya, mwanafunzi, nyumbani wanakusalimia. Soma kwa bidii." Mwanafunzi. Ukanipa mkono kama mtu aliyeagizwa, ukaenda zako, na yule jogoo ukampa matroni. Ulinisaidia kutunza uongo wangu, baba. Niliona aibu siku ile na naiona hata sasa ninapoandika. Matroni hakumchinja jogoo, akamfuga, naye akawa anawika kila alfajiri kabla ya kengele muhula mzima. Kila akiwika nilijua ni mimi ninayeitwa.

Likizo nilirudi nimejiandaa kugombezwa. Ukanipokea begi barabarani, ukaniita mayu, ukaniuliza kama chakula kinatosha, na baada ya kula ukasema, "Leta Bujiku." Nikasoma mpaka mwisho, mwisho wetu. Ukapiga goti lako kwa furaha kama kawaida. Nilikuwa na maneno ya msamaha mdomoni, nikayameza na maji. Nikayameza hivyo hivyo likizo zote zilizofuata, nikayameza mpaka tukakuzika, na huu sasa ni mwaka wa nne.

Kwa hiyo fomu ilipofika hapa Segese, ninapofundisha darasa la tatu, sikuuliza mtu. Nilifunga mlango wa ofisi kuzuia kelele za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, nikachukua kalamu nyekundu, nikampiga Bujiku mistari tangu ukurasa wa kwanza. Jogoo, nje. Michembe, nje. Niliona nakutetea. Asichekwe mtoto mwingine yeyote kwa ajili ya huyu mtu, nikajisemea.

Madamu Rehema, tunayefundisha pamoja, akanikuta. Baba yake alitoka Tanga kuja kufungulia wachimbaji duka la nguo, akahamia moja kwa moja. Akakisoma kitabu akiwa amesimama, akakiweka mezani kwa nguvu.

"Kifutwe chote," akasema.

Nikamshukuru kwa kutuonea huruma sisi Wasukuma. Akanikatiza. "Nani kakuonea huruma? Kimetuchafua sisi watu wa pwani. Kuna mwanamke gani wa kwetu anayepokea zawadi ya mgeni asiulize inapikwaje? Bibi yangu angekisikia hiki angekirudisha kwa mwenyewe na maneno juu."

Nilicheka mpaka nikaegemea kabati. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa upande wa pili naye anaona haya. Mwalimu mkuu akasikia kelele, akaingia, akatoa lake: kitabu cha zamani kiachwe na uzamani wake, tukianza kufuta tutafuta hadi jalada, na watoto wajue kwamba kuna wakati tulichekwa. Naye nikaona ana jambo. Nikatazama kurasa zangu nyekundu. Nilikuwa nimemtoa Bujiku mzima, mtu pekee wa kwetu ndani ya kitabu kizima, na waliobaki ni wale waliokuwa wanamcheka tu. Nikahisi nimekwisha kuifanya hii kazi siku moja, pale kwenye kibaraza.

Madamu Rehema ndiye aliyesema, "Kawasomee wenye kitabu."

Nikawasomea darasa la tatu, watoto wa wafugaji na wa wachimbaji wamechanganyika, neno kwa neno kilivyochapwa. Sikuruka kitu. Kwenye kichanga kilicholala walinyamaza wasikiamshe. Kwenye michembe darasa lilipiga ukelele mmoja. Kuna msichana anaitwa Kulwa, baba yake anashuka mashimoni, mtoto mwenyewe hana dogo. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule mama alikuja kuomba msamaha wa michembe?"

"Hakuna ukurasa huo."

"Basi hakijaisha."

Nikasoma mstari wa mwisho. Wakatazamana. Kulwa akauliza hapo anayesema ni nani, nikamwambia ni mwandishi. Akafikiri kidogo. "Yeye Bujiku alimsalimia?" Nikasema sijui. "Labda alimruka, ndiyo maana amenuna," akasema, na darasa lote likakubali kwamba hiyo ndiyo sababu.

Kisha mtoto wa nyuma akauliza kama mimi nimewahi kumwona mtu kama Bujiku kwa macho yangu. Nikakifunga kitabu, baba. Nikasema, "Ndiyo. Ni baba yangu."

Nilidhani litakuwa neno zito. Nimelibeba tangu lile geti la Shinyanga, nikategemea likitoka ukuta utapasuka. Hakuna aliyecheka. Kulwa akasimama akasema, "Msalimie sana." Jirani yake akasimama, "Na mimi unisalimie." Wakafuatana hivyo, dawati kwa dawati, kila mtu anataja jina lake kamili ili usimchanganye na mwingine. Kengele ya uji ikalia, hakuna aliyetoka mpaka zamu yake ifike. Mmoja aliulizia jogoo. Sikuwaambia kwamba umekufa. Nilishindwa kuwakatisha, na ukweli ni kwamba nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Uji waliukuta umepoa, wakaunywa hivyo hivyo.

Mchana nikaomba fomu nyingine, nikaandika kwa kalamu ya kawaida. Bujiku abaki. Abaki na jogoo wake, na katambuga, na michembe, na kile kichanga. Hata vicheko vya mjini vibaki, maana tulichekwa kweli na watoto wetu wana haki ya kujua na kuamua nani alistahili kuchekwa. Kitoke kitu kimoja tu, ule mstari wa mwisho, kwa sababu hapo kitabu kinaacha kusimulia kinaanza kuwaamrisha watoto wawaonee haya wazazi wao, na mimi niliwahi kutii. Wakiona ukurasa unabaki mtupu sana, nikawaandikia mwingine wa kuweka, uliotungwa Kharumwa na mtoto mwenye njaa. Madamu Rehema akasaini chini yangu kwa sharti kwamba wakati wa kuchora upya, yule mke wa binamu achorwe hajafunga lemba la kipwani. Kuna nafasi ya kuandika sababu za maoni. Nikaandika: baba yangu alisema ilikuwepo.

Sijui watayachukua maoni yangu au watayatupa. Kesho darasa la tatu watakuja na maswali, na nimemwomba mama anikaushie michembe ya kutosha ili siku nyingine niwapikie, wajue ladha ya kilichoungua.

Nisamehe, baba. Nimelisema sasa, halina maji ya kulimezea. Na salamu zako ni hizi nimekuletea, darasa zima, mmoja mmoja, majina yao nimeyaorodhesha nyuma ya karatasi hii. Najua utataka kumjibu kila mmoja na kumuuliza habari za kwao, kwa hiyo sikuharakishi. Chukua muda wako.

Ndimi mayu wako, binti yako wa kuzaa. Sikuagizwa na mtu.